Kalamu ya Risasi Safarini

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari ya jambo dogo lililoingia nyumbani mwetu bila kubisha hodi, nalo limetufaa kuliko tulivyodhani. Jambo lenyewe ni kuchora kwa kalamu ya risasi yale tuyaonayo tuwapo safarini. Sisi si mafundi wa kazi hiyo, wala hatuitafutii fedha. Mmoja wetu alikuwa mwalimu wa shule, na mwenzake mkunga, hata tulipostaafu. Na kabla ya hapo hatukuwa tumechora kitu ila ramani ubaoni, na mistari ya homa katika karatasi za wagonjwa.

Sababu yake ni hii. Baada ya kustaafu, usingizi ulimkimbia mmoja wetu. Alilala saa tatu, akaamka saa nane, akakaa macho wazi mpaka majogoo, akihesabu madeni yaliyokwisha kulipwa na maneno yaliyokwisha kusemwa. Mganga wa hospitali akampima, akaona damu yaenda kwa nguvu mno. Akampa vidonge, kisha akanena, "Hivi ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni kupumzika." Tukamjibu kwamba tangu tustaafu hatuna kazi ila kupumzika. Akacheka, akasema, "Kukaa siko kupumzika. Mikono yenu imekaa, lakini mioyo yenu yakimbia."

Neno hilo lilitukaa moyoni, lakini hatukujua la kufanya. Tena mwaka huo huo dada yetu mkubwa, aishiye Mbeya, alishikwa na ugonjwa mrefu, ikatupasa kwenda kumtazama kila mwezi. Kutoka Iringa mpaka Mbeya ni kilometa zaidi ya 300. Safari ya namna hiyo ina saa nyingi za kukaa, na saa za kukaa ndizo saa za hofu. Basi siku moja, tulipokuwa tukifagia nyumba, tulikuta chini ya kitanda daftari lisilo na mistari, na kipande cha kalamu ya risasi, vilivyosahauliwa na mjukuu wetu alipokuja likizo. Tukasema, "Na tujaribu."

Walio wageni wa Iringa na wajue kwamba juu ya mji wetu liko jiwe kubwa liitwalo Gangilonga, maana yake kwa Kihehe ni jiwe lisemalo. Yasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akija hapo kutafakari mambo ya nchi yake. Jioni ile tulikaa karibu nalo, kila mtu na ukurasa wake, tukachora. Jiwe la mmoja wetu lilifanana na kiazi kilichochemshwa. La mwenzake lilifanana na kuku aatamiaye mayai. Watoto waliokuwa wakicheza hapo wakaja kutazama, wakacheka hata wakakaa chini, nasi tukacheka pamoja nao.

Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani tuliulizana: "Je, ulikuwa umeuona ule ufa? Ulikuwa umeyaona yale mabaka meusi yaliyoachwa na maji ya mvua?" Hakuna aliyekuwa ameyaona kabla ya siku ile. Kwa miaka zaidi ya 30 tulikuwa tukilitaja jina la jiwe, tukadhani kwamba twaliona. Na jambo la pili tulilitambua usiku: saa nzima na zaidi ilikuwa imepita pale, wala hatukuwa tumewaza habari za ugonjwa hata mara moja.

Baadaye tulisoma kwamba jambo hili limechunguzwa na wenye elimu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, huko Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora na kufinyanga kama walivyopenda. Wakawapima mate kabla na baada ya kazi, wapate kujua kiasi cha kotisoli, yaani ile homoni iongezekayo mwilini mtu anapokuwa na wasiwasi. Kwa kadiri ya robo tatu ya watu wale kotisoli ilikuwa imepungua. Tena ilionekana kwamba haikuhitaji mtu awe amezoea kazi hiyo. Asiyejua alipata nafuu sawasawa na ajuaye. Habari hii ilitufurahisha sana sisi wenye kiazi na kuku.

Sasa twapenda kusema kidogo habari ya chombo chenyewe, maana watoto wa siku hizi hukiita penseli, lakini sisi tulifundishwa kukiita kalamu ya risasi. Jina hilo lina kosa ndani yake, wala kosa si letu peke yetu. Zamani, katika miaka ya 1500, watu wa Borrowdale huko Uingereza walipata ardhini jiwe jeusi, laini, lenye kuacha alama, wakadhani ni namna ya risasi. Kumbe si risasi hata kidogo; ni kaboni, ndugu yake makaa na almasi, nalo huitwa grafiti. Mwaka 1795 Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, alivumbua njia ya kulisaga jiwe hilo, kulichanganya na udongo wa mfinyanzi, na kulichoma katika tanuru. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu na mstari wake huwa hafifu. Grafiti ikizidi, kalamu huwa laini na mstari wake huwa mweusi. Ndiyo maana ya herufi zilizopigwa ubavuni mwake: H ni ngumu, B ni laini, na HB ni ya katikati, ambayo wanafunzi wengi huitumia. Wala jiwe hilo si geni kwetu. Liko kwa wingi katika ardhi ya Mahenge, wilaya ya Ulanga, nchi hii hii yetu.

Basi mwenye kutaka kujaribu na atafute kalamu mbili tu, moja HB na moja 2B, na kisu kidogo cha kuchongea, na daftari lisilo na mistari. Akiisha kukaa, asianze kuchora mara moja. Na atazame kwanza, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha auchore mstari ule ambapo nchi hukutana na mbingu, maana huo ndio uti wa mgongo wa picha. Akitaka kujua kama mlima ni mrefu kuliko mti mara ngapi, na anyoshe mkono ulioshika kalamu, afumbe jicho moja, apime kwa ukucha wa kidole gumba juu ya kalamu. Na akumbuke kwamba vitu vya mbali huonekana hafifu, na vya karibu huonekana vyeusi, kwa sababu hewa iliyo katikati, pamoja na vumbi na ukungu wake, hutandika weupe juu ya vile vya mbali. Sisi wa nyanda za juu tumepewa somo hili bure: kila asubuhi ya baridi milima yetu husimama safu nyuma ya safu, kila safu nyepesi kuliko iliyo mbele yake.

Katika basi lenyewe hapachoreki, maana mkono hutikisika. Kwa hiyo tulijifunza kuchora kwa kukumbuka. Tukiiona sura ya nchi iliyotupendeza, kama vile misonobari ya Sao Hill iliyopandwa mistari kwa mistari, huitazama kwa nguvu, hufumba macho, huitazama tena moyoni. Basi linaposimama Mafinga au Makambako, watu wakinunua mahindi ya kuchoma, sisi huandika haraka mistari minne mitano. Nao wasafiri wa zamani walifanya vivyo hivyo. James Grant, aliyefuatana na Speke kutoka Unguja mwaka 1860 mpaka wakafika nchi za Karagwe na Uganda, alijaribu kamera huko Unguja, lakini barani alitegemea mkono wake, akarudi kwao mwaka 1863 na michoro mingi ya watu, mimea na vijiji. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kupiga picha, nasi pia tunayo. Walakini tumeona tofauti moja: picha ya simu huchukuliwa na mtu aendaye zake, bali ya kalamu hudai mtu akae.

Sasa twafika kwenye habari iliyotufanya tuandike barua hii.

Mwezi mmoja wa kiangazi basi letu liliharibika karibu na Chimala, katika nchi ya Usangu. Mafundi wakaingia chini ya gari, abiria wakatafuta vivuli, nasi tukakaa juu ya gogo tukielekea kusini. Mbele yetu ulisimama ukuta wa milima, na juu yake ilipanda ile barabara ya Matamba iitwayo Hamsini na Saba, kwa sababu ina kona 57, nayo ndiyo njia ya kwendea uwanda wa Kitulo, uliofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Chini ya milima yalikuwa mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, na karibu nasi nyumba moja yenye bati la kutu, nguo zikianikwa, na moshi ukipanda nyuma yake. Tukafurahi sana. Tukanyosha mikono, tukafumba jicho moja moja, tukapima mlima kwa kalamu.

Tulikuwa tumechora kwa kadiri ya saa moja tulipoona kivuli juu ya karatasi. Mzee mmoja alikuwa amesimama nyuma yetu, ameegemea fimbo yake. Tukasimama tukamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu," akajibu. Kisha akakaa kimya kidogo, akasema, "Mwapima nini?"

"Hatupimi kitu, mzee. Twachora tu, tukingoja basi letu."

Akatikisa kichwa. "Hata wale wenye kuweka mawe ya mipaka huanza hivyo hivyo. Hunyosha mkono, hufumba jicho moja, hutazama mlima. Ukiwauliza, husema ni kazi ndogo tu. Baada ya miezi, huja barua."

Hapo tukaelewa, tukaona haya. Kwa maana nchi ile imeona mambo. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa katika bonde la Usangu, ili maji ya Ruaha yahifadhiwe, na mwaka 2008 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilipanuliwa ikaingia huko. Hatuandiki haya ili kuamua shauri hilo. Maji yana haki yake, na watu wana haki yao. Twasema tu kwamba mtu aliyewahi kuona jirani akifunga mizigo, hawezi kumtazama mgeni mwenye kalamu kama sisi tulivyojitazama wenyewe.

Tukampa daftari zote mbili azione kwa macho yake. Akazishika moja mkono wa kuume, moja mkono wa kushoto, akazitazama muda mrefu. Katika daftari la mmoja wetu palikuwa na milima, na barabara yenye kona, na mashamba, na ile nyumba pamoja na nguo zake na moshi. Katika daftari la mwenzake palikuwa na milima, barabara na mashamba, basi. Alikuwa ameiacha nyumba, kwa kuwa aliona bati lenye kutu laharibu uzuri wa mahali.

Mzee akainua daftari la kwanza, akasema, "Hapa nipo." Akainua la pili, akasema, "Na hapa mmekwisha kunihamisha."

Ndugu wasomaji, hatukuwa na jibu. Yule aliyeiacha nyumba aliinamisha kichwa. Hakuwa amekusudia baya. Alikuwa akitafuta utulivu tu, kama mganga alivyomwagiza. Lakini alikuwa ameupata utulivu huo kwa kumfuta mwenye nyumba, naye mwenyewe yuko hai, amesimama nyuma yake.

Akaomba radhi, akalichukua daftari, akaanza upya upande ule uliokuwa mtupu. Mzee akaketi juu ya gogo kati yetu, akawa mwalimu. "Mlango hauko hapo, uko huku, kwa sababu ya upepo. Mwembe umeusahau, niliupanda alipozaliwa kifungua mimba wangu. Na kibanda cha kuku, je? Mimi si maskini hata nisiwe na kuku." Tukacheka wote watatu. Mkono uliokuwa ukitetemeka kwa aibu ukatulia polepole, na picha ile, ingawa ilichafuka kwa kufutwafutwa, ikawa na uhai ambao haikuwa nao kwanza.

Honi ya basi ikalia. Tukamwambia achague moja, iwe yake. Tulidhani atachukua ile ya kwanza iliyo safi. Akasema, "Nipeni hii iliyotubu." Tukaukata ukurasa kwa kisu cha kuchongea, tukampa kwa mikono miwili, tukakimbilia basi.

Njia yote ya kupitia Igurusi na Uyole tulikuwa kimya. Tulimkumbuka Sam Ntiro, mchoraji wa kwetu, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere, na picha yake moja ikanunuliwa mwaka 1960 na jumba kubwa la sanaa la New York. Picha zake tulizowahi kuziona vitabuni zimejaa watu walio kazini: wanalima, wanabeba, wanajenga. Nchi yake haikukaa pweke. Zamani tulidhani ni mtindo wake tu. Siku ile tulifahamu kwamba mtu aliyezaliwa mahali huona nyumba kwanza, na mlima nyuma yake. Mgeni huona mlima, na nyumba humziba.

Tulipofika Mbeya, Mlima Loleza ulikuwa umekwisha kujifunika wingu, na dada yetu alikuwa ameketi kitandani akitungoja. Hutupokea kwa neno lile lile kila mara: "Leteni njia." Maana hawezi tena kusafiri, nasi humletea njia katika karatasi, naye huitazama kona kwa kona. Tukampa ule ukurasa uliobaki, tukamsimulia habari za mzee. Akasikiliza, akacheka penye kuku, akanyamaza penye kuhamishwa. Kisha akauliza, "Na jina lake nani?"

Tukatazamana. Hatukumwuliza.

Dada yetu hakutulaumu. Aliigusa nyumba ile kwa kidole, akasema, "Mmemchora mlango wake, mwembe wake na kuku wake. Mwezi ujao mtaniletea na jina."

Basi, wapenzi, hii ndiyo hali yetu leo. Ukutani pa chumba cha dada yetu zimebandikwa kurasa 11, kutoka Gangilonga mpaka Loleza. Ugonjwa wake haujaondoka, lakini asema usiku ukiwa mrefu husafiri kwa macho kutoka ukurasa hata ukurasa. Naye yule wetu aliyekimbiwa na usingizi, sasa hulala mpaka majogoo usiku mwingi, si usiku wote. Na vidonge vyake angali anavimeza kila asubuhi kama alivyoagizwa, wala mtu asiache dawa kwa sababu ya kalamu.

Kwa ninyi mtakaojaribu, twaongeza maagizo mawili tuliyofundishwa Chimala. La kwanza: kabla ya kunyosha kalamu mbele ya nyumba ya mtu, piga hodi, umweleze ufanyalo. La pili: ukimaliza, andika chini ya picha jina la mahali, na siku, na jina la mwenye nyumba, kama amekupa ruhusa. Picha isiyo na jina ni kama barua isiyo na salamu.

Juma lijalo twasafiri tena. Tumenunua tiketi za mpaka Chimala tu, tushuke hapo mchana, na basi jingine litatuchukua jioni. Katika kikapu tumetia chai, mkate, daftari mbili, na kalamu mpya ya HB kwa ajili ya mzee, kama atapenda kutuchora sisi.

Kwa herini, hata mwezi ujao.